Nimekagua Benzi mbili, sijanunua hata moja (bado)

Haya wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Najua kuna wanaongoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata (itakuja, msinipige mawe), lakini tangu mwaka uanze wikiendi zangu kadhaa zimeishia chini ya magari ya watu huko Migori na Homa Bay, nimelala chali na tochi mdomoni, na nina jambo la kusema kabla halijapoa.

Nataka kununua Benzi. Tulieni, si mpya. Nazungumzia W124, ile ya wipa moja, iliyotoka kiwandani kuanzia mwishoni mwa 1984 hadi katikati ya miaka ya tisini. Ile ambayo ikionekana inakata kona kuingia kijijini, sisi watoto tuliacha mpira na wazee wakaanza kuulizana nani amekufa. Kiswahili chetu ndicho kilichozaa neno wabenzi, na neno hilo likasafiri mpaka kwenye vitabu vya Wazungu. Mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri waliambiwa waachane na magari makubwa wapande Volkswagen Passat zenye injini isiyozidi sisi 1800. Wengine walinung'unika kama watu walionyang'anywa shamba.

Leo Benzi za enzi hiyo unazipata kwa bei ya Probox iliyochoka, na hapo ndipo mtego ulipo. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea haijui kama gari limezeeka. Mimi nina laki tano na nusu. Ni akiba ya miaka mitatu. Kwa baadhi yenu huko Nairobi labda hiyo si kitu, lakini kwangu ni bati na mbao za nyumba ya mama, na mama anajua hivyo, na hajasema neno. Heri angesema.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakienda kununua gari la zamani hukagua kwa kumhoji muuzaji. Limewahi kugongwa? Hapana. Linachemsha? Hapana. Kisha wanaingia kwenye rekodi za serikali, rekodi zinafanana na logibuku, wanashusha pumzi na kutoa pesa. Mimi nasema huo si ukaguzi. Ukilinganisha kitu na nakala yake mwenyewe lazima vifanane. Sisi tunaoandika programu tunalijua hili vizuri. Nimewahi kukesha nikitafuta kosa katika mfumo ambao ripoti zake zote tano zilikubaliana mpaka senti, kumbe zote tano zilikuwa zinasoma jedwali moja lililoharibika. Najua hilo, nimelipwa mshahara kwa kulijua, na bado nilinaswa. Karibu.

Benzi ya kwanza ilikuwa Migori mjini, si mbali na daraja la mto. E220 ya 1994, nyeusi, inang'aa hadi unajiona meno. Aliyekuwa akiiuza ni broka, kijana mchangamfu, kila sentensi ina "mkubwa" ndani yake. Alianza na laki sita, na kabla sijaona hata tairi tulikuwa tumeshafika tano na nusu kwa simu. (Bei inayoshuka upesi hivyo ilipaswa kunipa wasiwasi. Ilinipa furaha.) Akanitumia picha ya logibuku kwa WhatsApp. Nikaingia eCitizen, nikalipia upekuzi wa NTSA, nikapata rekodi: aina ya gari sawa, rangi sawa, namba ya chesisi sawa, namba ya injini sawa, haidaiwi na benki. Nikajisikia mjanja sana. Kwa siku nne nzima nilitembea nikijiona tayari nina Benzi, na kidole kilikuwa karibu kabisa kutuma elfu hamsini za kuishikilia.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Awendo, mzee aliyeanzia kwenye matrekta ya miwa kabla hajahamia magari madogo. Nilimpigia kumuuliza tu kama ana nafasi. Akasema, "Usitume hata bob. Mwambie asiiwashe. Nataka niikute imelala."

Hili la kulala nilidhani ni mbwembwe za mafundi. Sivyo. Injini iliyopoa usiku kucha husema ukweli kwa sekunde kumi za kwanza, halafu hunyamaza. Mnyororo wa taimingi uliolegea hupiga kelele kabla oili haijapanda. Raba za valvu zilizokauka hutoa moshi wa buluu ule mpumuo wa kwanza. Sailensa yenye maji mengi kupita kawaida, injini inayotaka kuwashwa mara tatu, silinda moja inayochelewa kushika, yote hayo hupotea injini ikishapata moto. Tulifika saa moja asubuhi. Fundi hakusalimia gari, aliweka kiganja juu ya boneti. Moto. Broka akasema ameitoa tu kwa mzee wake akaileta hapo. Fundi akaniangalia, akatabasamu, akatoa sumaku mfukoni.

Mimi nami nilikuwa na kifaa changu. Wengi wenu mnakijua, kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya dashibodi, simu inakusomea makosa ya gari. Nimewahi hata kukisifu. Basi nikapiga magoti nikatafuta pa kuchomeka, nikatafuta, mpaka fundi akaniuliza nimeangusha nini. W124 haina tundu la aina hiyo. Hiyo ya 1994 ina soketi moja ya duara ndani ya boneti, ya matundu 38, na kifaa changu cha pini 16 kingefaa zaidi kuning'inizwa shingoni. Gari hili linatokana na wakati ambapo ulijua ugonjwa kwa sikio, pua na kidole. Nilikirudisha mfukoni na sikukitaja tena, ila sasa nimekitaja kwenu.

Sumaku ya fundi ilikuwa imeviringishwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliipitisha taratibu kwenye bodi, tap, tap, tap, ikishika kila mahali, mpaka chini ya tao la gurudumu la nyuma kulia. Hapo ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Chini ya ule weusi unaong'aa hakukuwa na chuma, ilikuwa puti, na puti ya kutosha kutengenezea sufuria. Kisha waya. Magari ya Mercedes ya takriban 1992 hadi 1995 yana ugonjwa unaojulikana duniani kote: plastiki inayofunika waya za injini haivumilii joto la miaka mingi, inakauka na kupasuka, waya zinagusana, na unaanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine bila kupona. Fundi alivuta kidogo ile ala karibu na injini, plastiki ikamegeka kama ganda la mandazi ya juzi.

Bado nilikuwa naitaka! Semeni mnavyotaka. Puti hutolewa, nikajiambia, waya hufumwa upya. Mita ilionyesha kilomita laki moja na arobaini elfu huku raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinachungulia, na hilo nalo nikalisamehe. Tena hapo sikukosea sana, kwa sababu katika W124 gia ndogo inayozungusha namba za kilomita huteleza ikizeeka, na hata mtu mwaminifu anaweza kukusomea namba ya uongo. Mita ya gari la miaka thelathini mimi siisomi kabisa. Nasoma pedali, kiti cha dereva na usukani.

Kilichonishinda ni namba ya chesisi. Kwenye W124 imepigwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, na mimi nikiona mfuatano wa herufi na namba siwezi kujizuia, lazima niukate vipande. WDB, hiyo ni kampuni. 124, umbo la gari. 022, maana yake E220, sawa. Tarakimu inayofuata, ya kumi kutoka mwanzo, inasema usukani uko upande gani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Baada yake kuna herufi inayoonyesha kiwanda, halafu namba ya mfululizo.

Ilikuwa 1. Usukani ulikuwa kulia, kama magari yetu yote.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafungua ile picha ya logibuku. 1. Nikafungua rekodi ya NTSA. 1. Vyote vitatu vilikubaliana kabisa, na vyote vitatu vilikuwa vinaelezea gari lingine. Fundi akaja, akapangusa ule ukuta kwa kitambaa chenye petroli, na chini ya rangi ukaonekana mstari mwembamba wa welding ukizunguka namba, mraba mzuri kabisa, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu. Kibati kinachopaswa kuwa mbele juu ya rediata hakikuwepo. Yalibaki matundu mawili ya riveti.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa gari la zamani? Fikiria kidogo. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi mradi mtu alipe ushuru wa ziada, na kutoka Migori mjini hadi Isebania si safari ya kufunga chakula. Kwa hiyo karatasi halali ya Benzi iliyokufa ina thamani kwa mwenye Benzi hai isiyo na karatasi. Sikumwita mtu mwizi. Nilimwonyesha tu broka ile tarakimu na nikamweleza maana yake.

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema, "Lakini mkubwa, si serikali yenyewe imeikubali hiyo namba?"

Alikuwa haigizi. Aliamini. Na hata mimi kwa siku nne niliamini hivyo hivyo! Serikali imeikubali namba. Gari haijaliona. Mfumo unachofanya ni kukurudishia kile ulichoandikwa ndani yake siku ya kwanza, na aliyepiga welding aliandika chuma kifanane na mfumo. Upekuzi wa NTSA fanyeni, ni shilingi mia chache, unawaonyesha kama kuna mkopo na kama jina ni la huyo anayewauzia. Ila usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba gari lililo mbele yako ndilo hilo linaloandikwa. Huo ushahidi uko kwenye bati na kwenye injini, na lazima ulalie matope kuupata.

Tulipokuwa tunaondoka bei ilifika laki nne. Laki moja na nusu imeondoka kwa dakika moja, bila mimi kuomba.

Benzi ya pili niliipata kupitia chama cha mama. Mmoja wa wanachama ana dada Homa Bay, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Mbita, mjane, na marehemu mumewe aliacha "gari la kijerumani" chini ya mwembe. Nikampakia fundi kwenye matatu, tukabadilisha Rongo, tukashuka Homa Bay kabla ya saa mbili na betri ya kuazima kwenye gunia. Mji umebadilika, mnaosema hamjafika tangu sherehe za Madaraka za 2025 mje muone, lakini hilo ni la siku nyingine.

230E ya 1991, buluu iliyokolea, imefunikwa vumbi na kinyesi cha ndege. Marehemu aliinunua 1996 kutoka kampuni iliyokuwa inabadilisha magari ya mameneja wake, akaiendesha miaka ishirini na tano mpaka alipofariki 2021. Tulipewa chai kwanza. Nilikuwa na aibu. Unamwambiaje mama aliyefiwa kwamba umekuja na mtu wa kugongagonga gari la mumewe kutafuta uongo? Kuna watu walikuwa wameniambia kabisa kwamba huko kwetu hilo ni tusi, gari la mzee hulikagui, unalipa unachukua. Siwaungi mkono. Anayenunua bila kukagua ndiye hurudi baada ya mwezi akipiga kelele langoni. Mimi nilisema wazi: mama, naomba ruhusa tuikague yote, na chochote tutakachokiona tutakuambia wewe kwanza, kizuri na kibaya. Akasema, "Kagua, mwanangu. Mwenyewe alikuwa hakubali mtu aiwashe kabla hajaisikiliza." Akavuta kiti chake cha plastiki akakaa nasi kivulini, saa tatu nzima.

Ile tarakimu niliitazama kabla ya kitu kingine chochote. WDB124023, halafu 2. Usukani kulia. Kibati cha mbele kipo, na msimbo wa rangi juu yake ni 904, ambao ni buluu hiyo hiyo ya usiku, kwa hiyo hata rangi haijabadilishwa. Namba ya injini inaanza na 102.982, ndiyo injini ya 230E, na inafanana na logibuku. Hapa sasa kufanana kuna maana, kwa sababu kiwanda kiliandika vitu hivyo sehemu tofauti na hakuna mkono mwingine uliopita.

Halafu mama akaleta bahasha. Mimi nasoma kumbukumbu za seva kila siku ya kazi, na nawaambia sijawahi kuona safi kama zile. Daftari la shule, mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, nani aliifanya, kiasi gani. Mwaka 2013, hedi gasketi, na nyuma yake imebanwa risiti ya duka la Kirinyaga Road. Risiti za Kisumu, za Kisii, za Nairobi, kalamu tofauti, mihuri tofauti, watu ambao hawajuani, na kilomita zao zinapanda kwa mpangilio na daftari. Huo ndio ushahidi ninaoutaka, mashahidi wasioweza kukaa pamoja wakapanga. Mtu mmoja hawezi kubuni risiti arobaini kwa miandiko arobaini.

Kutu. Kuna wanaodhani gari la kando ya ziwa limeoza lote. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, si kama Mombasa ambako upepo wenyewe unakula bati. Adui wa gari hili alikuwa mwembe. Majani yalikuwa yamejaa kwenye mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele, matundu yameziba, na zulia la upande wa abiria lilikuwa na unyevu. Tulitoa vifuniko vya plastiki kwenye sehemu za kuwekea jeki, ndani ya kimoja kulikuwa na tundu la ukubwa wa dole gumba. Chini ya betri kuna kutu ya juu juu. Kwenye buti, pale linapokaa tairi la akiba, kukavu. Sumaku ilishika kila mahali hadi fundi akachoka.

Tairi zilionekana nzima, lakini someni ubavuni: kuna tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hizi zilisema 2314, wiki ya 23 ya 2014. Hizo ni za kutupa hata kama zina meno. Mipira ya breki imepasuka. Raba za propela shafti zimechanika pembeni.

Tulitoa petroli ya zamani, tukaweka mpya, tukafunga betri. Fundi akanikataza kuongea. Iliwaka mara ya pili. Mnyororo ukapiga kelele sekunde mbili, ukanyamaza. Moshi wa buluu kidogo, ukapotea. Hizo ni raba za valvu, si jambo la kukukimbiza. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Haipumui. Tukaiacha hapo mpaka ikashika moto, joto likapanda na kusimama palipotakiwa. Giaboksi ni ya otomatiki, oili yake imeanza kuwa kahawia lakini hainuki kuungua, na ukiweka rivasi inafikiria kama sekunde tatu kabla ya kukubali. Raba za ndani zimekauka. Viyoyozi tusizungumzie, kwenye W124 kile kifaa cha kupoza kimefichwa nyuma ya dashibodi nzima na kukitoa ni kazi ya siku kadhaa. Nitafungua madirisha. Hatukuingia barabarani kwa sababu bima imekwisha, tulizunguka tu kiwanjani, kuku wakitupisha.

Hesabu ya fundi, kwa kalamu kwenye kiganja: laki moja na arobaini, ikiwa na tairi nne. Mama alitaka laki tatu na nusu. Jumla ni laki nne na tisini. Moyo uliruka. Nilianza kuwaza rangi ya zulia jipya.

Ndipo nikaomba logibuku kuiangalia vizuri. Jina la marehemu, na hilo nililitarajia. Nikauliza kwa upole kama walishaenda mahakamani kuhusu mirathi. Hawakwenda. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kwenda. Kulikuwa na mnunuzi mwingine kutoka Kisumu, aliyetoa laki tatu taslimu na kusema mambo ya jina watamalizana baadaye.

Basi ikabidi nitimize ahadi, nimwambie lile nililoliona. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuuza au kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na hakimbagui mjane. Kuna barua ya chifu, kuna maombi mahakamani, kuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, halafu barua ya usimamizi wa mirathi, na kuithibitisha kwa kawaida husubiri miezi sita. Mfumo wa NTSA unamtaka muuzaji ndiye aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake. Marehemu hana nywila.

Mama akaniangalia. "Kwa hiyo mwanangu, unasema hili gari si langu?"

Fundi akapata kazi ya ghafla kwenye tairi. Mimi nilibaki nimesimama na logibuku mkononi. Nikamwambia ni lake, ila karatasi bado haijaambiwa.

Rafiki zangu, wakiwemo wawili ninaowaheshimu sana, wananiambia mimi ni mjinga. Nusu ya magari ya zamani nchini, wanasema, yanatembea kwa majina ya watu waliozikwa. Nunua, mama apate pesa, wewe upate gari, nani ataumia? Nawajibu hivi. Siku nikimgonga mtu, anayetafutwa ni yule aliye kwenye rekodi, na nyuma yake ni mjane wake. Siku gari likiteketea, kampuni ya bima itauliza mimi ni nani. Siku mmoja wa watoto akitoka aliko na kusema baba aliniahidi gari, sitakuwa na neno la kumjibu, na mama atakuwa ameshatumia pesa. Migori nilikataa chuma cha uongo kilichovaa karatasi safi. Nikichukua chuma safi chenye karatasi ya marehemu, kwa kuwa tu safari hii uongo unanifaa mimi, basi niache kuwaandikia ninyi mambo ya kuhakiki data.

Na gharama? Fundi alichukua elfu nne kwa siku, nauli na chakula juu yangu. Haifiki hata asilimia moja ya akiba yangu kwa kila gari. Ila awe fundi wako. Fundi anayeletwa na muuzaji ni ripoti nyingine inayosoma jedwali lile lile.

Binti yake alikwenda mahakamani Homa Bay mwezi uliofuata, barua ya chifu mkononi. Tangazo limeshatoka. Yule wa Kisumu amerudi mara mbili na mara ya pili alifika laki tatu na ishirini. Mama amemwambia asubiri kama wengine. Sina mkataba wowote, sijatoa hata shilingi, na akibadili nia ni haki yake. Kwa sasa kila Jumamosi ya pili nakwenda na betri, naiwasha nusu saa, natoa majani ya mwembe kwenye mfereji. Mama huleta daftari na kunitaka niandike tarehe na kilomita. Naandika chini ya mwandiko wa mzee, kwa rula.

Mwenye kujua fundi wa giaboksi hizo upande wa Kisii au Kisumu anijulishe. Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, safari hii kweli.